Milango Mikavu ya Manowari Kipungu

Vita vilikwisha saa tatu asubuhi, na ilipofika saa nne manowari Kipungu ilikuwa bado inajiponya.

Nilisimama kwenye sitaha ya chini nikiisikiliza. Mbao zake zilitoa sauti kama ya mtu anayetafuna muwa taratibu. Matundu kumi na manne tuliyotobolewa na mizinga ya Shirikisho la Kusini yalikuwa yakijifunga yenyewe: utomvu mwekundu ulitangulia pembezoni, kisha nyama changa ya mti ikasogea kutoka pande zote hadi ikakutana katikati. Juu yangu mabaharia walikuwa wakishangilia. Mmoja wao, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa amepiga magoti akiubusu ubavu wa meli palipokuwa na tundu muda mfupi uliopita.

Boti nane za makasia zilituvuta kuingia katika bandari ya Rusabo, kwa kuwa upepo ulikuwa umetulia ziwani. Hakuna aliyetamani injini. Ilikuwa imetimia miaka tisini tangu mitambo ya vita iliyoachwa angani ianze kuunguza kila chombo cha majini chenye joto la injini, na hapakuwa na mtu hai aliyejua namna ya kuizima. Ndiyo sababu babu zetu walirudia matanga na mizinga ya baruti. Ndiyo sababu pia mimi, niliyesomea mimea, nikawa fundi wa meli. Tuliuchukua mti wa mninga, ambao tangu zamani hutoka damu unapokatwa, tukaufundisha kuziba jeraha lake kabla mtu hajamaliza kulitazama. Meli iliyojengwa kwa mti huo haikupigiliwa misumari. Iliunganishwa kuwa mwili mmoja, kutoka kwenye mkuku, uti wake wa chini, hadi kwenye ukingo wa sitaha, na iliendelea kuishi.

"Fundi Mwamini," aliita Serahangi Masudi, mkuu wa mabaharia, kutoka kwenye ngazi. "Njoo unisaidie macho. Mlango wa chumba cha bomba uko wapi?"

Nilijua jibu kabla sijashuka.

Mahali palipokuwa na mlango palikuwa na ubao. Haukuwa ubao uliowekwa na mtu, ulikuwa umeota. Kitasa cha shaba kilikuwa kimemezwa nusu, kikichungulia kama jino la mtoto. Kwa nyuma, mbali kidogo, kulisikika mtu akigonga.

"Wamo wangapi?" niliuliza.

"Sita. Kilahumba na watu wake. Walikuwa wakitoa maji tulipopigwa." Masudi alinitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima. "Nilikuuliza alfajiri, Fundi. Nilikwambia milango mikavu."

"Uliniambia."

"Basi."

Nahodha Gervas Ntahondi aliteremka akiwa bado na masizi ya baruti shingoni. Aliagiza mashoka. Watu wawili wenye nguvu walikata kwa zamu, na kila shoka liliponyanyuliwa, alama yake ilikuwa imekwisha kujaa utomvu. Baada ya mapigo thelathini ubao ulikuwa mnene kuliko tulipoanza.

"Simamisheni," nilisema. "Kila pigo ni jeraha jipya, nao mti unazidi kuota. Mnawabana wenzenu."

Waliacha. Nahodha akanigeukia.

"Kuna dawa, Fundi?"

Ufunguo mdogo wa shaba ulining'inia shingoni mwangu, chini ya nguo, mahali ulipokuwa kwa miaka sita.

"Hakuna, Nahodha."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Aliinamisha kichwa, akaweka kiganja juu ya ubao ule, kisha akapanda ngazi. Alikuwa na mambo mengine. Merikebu saba za Kusini zilikuwa zimekwama nyuma ya rasi kwa kukosa upepo, na upepo wa ziwa huamka mchana. Rusabo ilikuwa na watu elfu nne na manowari moja. Hata mizinga ya ngomeni tulikuwa tumeing'oa ili tuipakie Kipungu.

Nilijiambia kwamba nilisema uongo kwa ajili ya watu hao elfu nne. Ilikuwa sababu nzuri, na ilikuwa ya kweli. Lakini haikuwa ndiyo iliyonifungua kinywa.

*

Bomba la meli lilikuwa mfereji wa shaba, mnene kama paja, uliotoka katika chumba kile hadi sitahani. Shaba haioti. Hewa ilipita humo, na sauti pia.

"Nani yuko juu?" Sauti ya Kilahumba ilitoka ndani ya mfereji kana kwamba amesimama kando yangu.

"Ni mimi, Mwamini."

"Aa, mtani wangu! Nilidhani wamenitumia mtu wa maana." Kilahumba alikuwa Mvinza na mimi Mmanyema, na kwa desturi ya watu wetu alikuwa na ruhusa ya kunitukana hata msibani. "Sikia. Meli yako imetufungia. Iambie sisi si matundu."

Wenzake walicheka huko chini. Nilisikia vicheko vitano, nikavihesabu.

"Mna majeruhi?"

"Sadoki amevunjika mkono. Maji yamefika magotini, hayaongezeki. Hilo naisifu meli. Ila, Fundi, huku kumekuwa kudogo."

"Kudogo kwa namna gani?"

"Tulipoingia, Mlela alikuwa akisimama wima. Sasa ameinama."

Nilifumba macho. Nilikuwa nimeandika mwenyewe, katika daftari la majaribio, kwamba mti wetu huu wa mponyo hautofautishi tundu na chumba. Uwazi wowote ambao kingo zake ni kavu, kwake ni jeraha, na jeraha hujazwa hadi liishe. Kinga yake ilikuwa rahisi mno. Ukingo uliolowa mawese hauoti. Kila siku ya tatu, na kila tunaposafiri, kingo zote za milango, ngazi na vyumba zilipakwa mawese ya moto kwa brashi ya mkonge, na fundi mkuu alipaka kwa mkono wake mwenyewe. Tulikuwa na kitabu kizima cha hesabu za utomvu, lakini uhai wa mabaharia ulitegemea brashi ile.

Mzee Mbulazi, aliyenifundisha kazi, alifariki Jumanne. Katika karakana yetu, bingwa anapofariki, mafuta hayaguswi kwa siku tatu: si kwenye nywele, si kwenye chungu, si kwenye mbao. Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa, na ingekwisha jua likizama. Wakusini walionekana Ijumaa alfajiri.

Masudi aliniletea ndoo ya mawese ikiwa imekwisha kuchemshwa. "Milango mikavu, Fundi. Tupake?" Mafundi wengine walikuwa wamesimama hapo. Walikuwa wakinong'ona tangu Jumanne kwamba nilikuwa na haraka ya kukalia kiti cha marehemu. Nikaitazama ndoo, nikawatazama wao, nikajibu kwa sauti iliyowafikia wote: "Marehemu hajamaliza siku zake."

Niliona nyuso zao zikilainika. Nilifurahi. Naandika neno hilo kwa kuwa ndilo sahihi.

"Fundi," Kilahumba aliita, "bado upo?"

"Nipo."

"Mna mpango gani?"

"Tunatafuta njia."

"Tafuteni," alisema. "Sisi hatuna safari."

*

Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Nilikwenda na kurudi, nikapima unene wa ubao kwa sindano, nikaandika tarakimu ambazo hazikuwa na kazi. Mtu anayejua la kufanya, na halifanyi, hujipatia shughuli nyingi sana. Mabaharia walinipisha njia kwa heshima. Mpishi aliniletea uji na kuniambia nisijiue kwa kazi. Niliunywa wote.

Saa sita na nusu nilirudi kwenye bomba. Hapakuwa na mzaha tena.

"Wapo wangapi wanaozungumza?" niliuliza.

"Wanne. Sadoki amelala, sijui kama ni usingizi. Hussein alikuwa upande wa omo, kule mbele, na upande ule umejifunga. Aligonga, kisha akaacha." Kilahumba alikuwa akipumua kwa vipande vifupi. "Mimi nimekaa, magoti kidevuni, kama nilivyokuwa tumboni mwa mama. Fundi, nikuulize jambo?"

"Uliza."

"Kwa nini chumvi ya jikoni hufungwa kwenye mtungi wa shaba?"

Mkono wangu ukaenda shingoni, kwenye ufunguo.

"Mpishi hulalamika kila siku. Akitaka chumvi ya samaki, lazima akutafute wewe, uje na ufunguo, umpimie kijiko, ufunge. Mabaharia husema wewe ni bahili. Mimi nimezaliwa Uvinza, mtani. Baba yangu na babu yangu walichemsha chumvi. Najua maji ya chumvi yanavyoufanya mti. Miti iliyokuwa karibu na visima vyetu ilisimama myeupe, mikavu, kama mifupa."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu saa nne."

"Na hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja useme wewe." Alikohoa. "Nilijiambia, Mwamini anahesabu. Ana mji mzima wa kuhesabu, akimaliza atasema. Nimengoja. Hussein naye amengoja."

Niliweka paji la uso kwenye shaba. Ilikuwa ya baridi.

"Kilahumba, chumvi haitaufungua ukuta mmoja tu. Meli ni mwili mmoja. Itakufa yote, na matundu kumi na manne yatafunguka. Wakusini wako nyuma ya rasi."

"Najua."

"Watu elfu nne."

"Najua, na mke wangu ni mmoja wao. Sasa sikia vizuri, Fundi, kwa kuwa pumzi ni ya kuazima. Nyinyi mlio juu mna tabia ya kuwageuza watu mashujaa wakati hawana nafasi ya kukataa. Mimi nakataa. Sitaki kufa. Hata hawa hawataki. Ukiamua tufe, amua, lakini usije ukasimama mbele ya watu ukasema tulikubali."

Kisha, kwa sauti ya chini, ya mtu anayeuliza habari za nyumbani:

"Mlango ulikuwa umepakwa?"

"Haukupakwa."

"Kwa ajili ya msiba wa Mzee?"

"Kwa ajili yangu," nilisema.

*

Nahodha Ntahondi alikuwa kwenye shetri, nyuma ya meli, akiitazama rasi kwa darubini. Nilisimama mbele yake nikasema yote: ufunguo, chumvi, mlango, ndoo ya mawese, nyuso za mafundi. Masudi alikuwa hapo, na watu wa usukani walikuwa hapo. Sikuomba tuzungumze faraghani. Nilikuwa nimezungumza faragha na nafsi yangu kwa saa mbili, na matunda yake niliyaona.

Nahodha hakunipigia kelele. Laiti angenipigia.

"Saa nne nilikuuliza," alisema. "Ungenijibu kweli, ningekuwa na muda wa kuishusha mizinga na kuirudisha ngomeni. Tungewatoa watu sita, na mji ungekuwa na ngome. Unaelewa?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Naapa sikuwa nimeliwaza. Kwa saa mbili nilikuwa nimepima meli dhidi ya watu sita, watu sita dhidi ya mji, kana kwamba dunia nzima ilikuwa mizani yenye vikombe viwili, na kumbe nahodha wa kawaida, asiyejua kusoma daftari langu, angeiona njia ya tatu kabla sijamaliza sentensi.

"Na sasa?" nilinong'ona.

Alinyoosha kidole. Nyuma ya rasi, ncha za milingoti zilikuwa zimeanza kusogea. Nywele za mbele ya kilemba changu zikatikisika. Upepo ulikuwa umeamka.

"Sasa mzinga mmoja unahitaji robo saa kushushwa, nasi tunayo saa moja." Alikunja darubini. "Niondoke na meli nikapigane, watu hao wawe sehemu ya meli. Au uiue meli, tuupokonye mji silaha yake."

"Niamuru, Nahodha."

"La." Alilisema bila hasira. "Sitakuamuru, wala sitakukataza. Tangu saa nne umekuwa ukiamua peke yako katika meli yangu. Maliza ulichokianza. Mimi nitawashusha mabaharia wangu."

Masudi alinifuata hadi jikoni. Alinyanyua mtungi wa shaba mara tu nilipoufungua, akamimina maji juu ya chumvi.

"Nilikuwa na ndoo mkononi," alisema tulipokuwa tukishuka. "Ningeweza kupaka bila kukuuliza."

"Si kazi yako."

"Najua si kazi yangu, Fundi. Ndiyo maana nakwambia."

Mwisho wa mkuku, chini ya chumba changu, palikuwa na sehemu ambapo mti ulikuwa bado na gome. Hapo ndipo chipukizi la kwanza liliunganishwa, na mimi na Mzee Mbulazi ndio tuliolifunga kwa kitambaa chenye maji. Nilitoboa kwa keekee. Utomvu ukatoka, wa vuguvugu, ukanitiririkia hadi kwenye kiwiko. Tundu likaanza kufumba. Nililiziba kwa faneli, na Masudi akamimina maji ya chumvi hadi mtungi ukaisha.

Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha sauti ile ya kutafuna, ambayo nilikuwa nimeizoea hata siisikii, ikanyamaza katika meli yote. Nimesikia watu wakifa. Sikuwahi kusikia ukimya ulioenea namna ile, kutoka ubao hadi ubao, kama mtu anayepita akizima taa.

Nyama changa ilikufa kwanza, kama nilivyojua. Matundu kumi na manne yalisinyaa na kuachia, moja baada ya jingine, na maji ya ziwa yakaingia. Ubao uliokuwa mlango ulipasuka katikati kwa mlio wa fimbo inayovunjwa. Masudi aliingiza mtaimbo, nami nikaingiza mikono.

Wa kwanza alikuwa kijana wa bomba ambaye jina lake sikulijua hadi siku ile. Wa pili alisukumwa na wa tatu. Mlela alivutwa kwa miguu, macho yake yakiwa wazi, naye hakuwa akituona tena. Sadoki alikuwa amekufa kabla yake. Hussein hatukumfikia; alikuwa upande wa omo, na mti uliokuwa umemzunguka haukuwa nyama changa tena.

Hao watatu wa kwanza waliishi, na wa tatu kati yao alikuwa Kilahumba. Alikuwa mwekundu kwa utomvu kutoka utosini hadi nyayoni. Alikaa katika maji yaliyokuwa yakipanda, akanitazama, nami nikangoja anitukane, kwa kuwa mtani angenitukana na ningestahili.

"Umechelewa," alisema tu.

*

Kipungu ilikaa kwenye matope umbali wa hatua mia kutoka gatini, ikiwa imeinama. Wakusini walizunguka rasi saa nane mchana. Hawakufyatua hata mzinga mmoja. Nahodha Ntahondi alipanda peke yake katika meli iliyokufa na kuiteremsha bendera kwa mikono yake, akaikunja vizuri, akaingojea boti yao.

Sitaeleza hapa yaliyoupata mji wa Rusabo. Wapo waliopatwa nayo, na haki ya kuyaeleza ni yao.

Nilikwenda karakanani. Manowari ya pili, Korongo, ilikuwa juu ya magogo, imebaki kuwekwa milingoti tu. Miezi tisa tuliikuza. Mbao zake zilikuwa hai, zikitafuna polepole. Kabla ya mwezi kwisha ingekuwa ikipeperusha bendera ya Kusini, na kila mtu alijua hivyo. Fundi mmoja alikuwa tayari amefunika mapipa ya mawese kwa shuka jeupe.

"Tumefiwa na watatu, Fundi," aliniambia kwa adabu. "Nao wapewe siku tatu."

Nililiondoa shuka. Nilichemsha mawese mwenyewe, nikachukua brashi ya mkonge, nikaanza na mlango wa chumba cha bomba. Hakuna aliyenisaidia. Mafundi walitoka nje mmoja mmoja, na safari hii nyuso zao hazikulainika.

Nilikuwa nimefika mlango wa tatu niliposikia hatua. Kilahumba alikuwa amesimama kwenye magogo, amejifunga shuka la hospitali. Utomvu ulikuwa bado katika mikunjo ya masikio yake.

"Hii meli ni ya nani sasa?" aliuliza.

"Ya Kusini."

"Na unawapakia milango?"

"Watakuwa na watu wa bomba," nilisema.

Nilichovya brashi. Kisha akaja, akapiga magoti kando yangu kwa taabu, akapitisha kidole kwenye ukingo wa chini nilikokuwa nimekwisha kupaka, kule ambako mkono huchoka na jicho halifiki. Akakitazama kidole chake. Kilikuwa kikavu.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.